Kuchangia programu huria: mlango uko wapi, na kwa nini maombi mengi hukataliwa

Kila Oktoba inapokaribia, makundi ya wanafunzi wa kompyuta huanza kuitana kwenye programu huria, na kila anayeita ana maelezo yake. Huyu anasema lazima uwe umebobea katika lugha ya programu ya C++ ndipo uguse kitu. Yule anasema ongeza jina lako kwenye faili la maelezo ya mradi, tuma, umeshakuwa mchangiaji. Mwingine anauliza: kama kila mtu anaruhusiwa kubadilisha, mbona programu zenyewe hazijajaa virusi?

Oktoba ina sababu yake. Tangu 2014 kampuni ya DigitalOcean huendesha Hacktoberfest, kampeni ya mwezi mzima ya kuhamasisha watu wachangie programu huria. Mwaka 2020, aliyetuma maombi manne ya mabadiliko aliahidiwa fulana. Miradi ikafurika. Mtu anafungua faili la maelezo, anabandika maneno ya kusifu kwenye kichwa cha habari, anatuma. Mwingine anaongeza nafasi tupu mwisho wa mstari, anatuma. Mwezi ungali mchanga, waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni ili ihesabiwe ile miradi tu iliyokubali yenyewe kushiriki. Fulana nazo ziliondolewa 2023. Mapema 2024 mradi wa Express, unaotumiwa na tovuti nyingi mno duniani, ukapata mafuriko ya aina hiyohiyo bila fulana yoyote, baada ya somo la video kuutumia kama mfano: wanafunzi wakaiga kila hatua, wakatuma majina yao.

Waliotuma hawakuwa na nia mbaya. Walifundishwa vitufe vya kubofya, hawakuambiwa kitu adimu katika miradi hii ni kipi. Si msimbo, msimbo uko tele. Adimu ni muda wa mtu wa kuusoma, kuujaribu na kuamua. Miradi mingi inayotegemewa kila siku ina wakaguzi wawili watatu, na baadhi yao hufanya kazi hiyo usiku baada ya ajira ya mchana. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya ushauri unaofuata hapa utaona sababu yake.

## Maneno kwanza

Msimbo ni maagizo ambayo watengenezaji wameyaandika ili kompyuta iyafuate. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Firefox, VLC na LibreOffice ni huria. WhatsApp ni bure lakini si huria: huilipii, ila msimbo wake huwezi kuuona wala kuurekebisha. Bure na huria ni mambo mawili tofauti, na mkanganyiko huu ndio unaozaa mingine mingi.

Leseni ndiyo inayoamua. Msimbo uliowekwa hadharani bila faili la leseni si huria hata kama unasomeka, kwa sababu haki zote bado ziko kwa mwandishi. Utakazokutana nazo zaidi ni MIT na Apache 2.0, ambazo hukuachia ufanye karibu lolote mradi uhifadhi tangazo la hakimiliki, na GPL, inayomtaka anayesambaza toleo alilolibadilisha atoe na msimbo wake kwa leseni hiyohiyo. Mchango wako kwa kawaida huingia chini ya leseni ya mradi. Baadhi ya miradi hukutaka usaini mkataba kwanza. Usome, maana mingine inawapa wenye mradi haki ya kubadilisha leseni baadaye.

Git na GitHub si kitu kimoja. Git ni programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. GitHub ni tovuti mojawapo inayohifadhi miradi iliyo kwenye Git. Folda ya mradi pamoja na kumbukumbu yake yote huitwa hazina, ingawa wengi husema repo. Na ombi la kuunganisha ni mabadiliko uliyoyafanya pembeni, ukiwaomba wenye mradi wayaingize kwenye msimbo wao. GitHub huliita Pull request, GitLab huliita Merge request.

## Wazi kwa nani?

Fikiria daftari la kikoba, au chama kama wasemavyo Kenya. Kila mwanachama ana haki ya kulifungua, kukagua hesabu na kusema: hapa pamekosewa, marejesho ya Machi hayakuandikwa, risiti hii hapa. Lakini kalamu iko kwa katibu. Programu huria iko hivyo. Kusoma ni kwa wote, kupendekeza ni kwa wote, kuandika ni kwa wachache walioaminiwa. Tofauti ni kwamba hapa asiyekubaliana na katibu anaweza kunakili daftari zima na kuendelea kivyake, na leseni inamruhusu. LibreOffice ilizaliwa hivyo mwaka 2010, ikitokana na OpenOffice.org.

Kwa hiyo virusi haviingii kwa mgeni kutuma ombi moja. Hatari iko kwa anayejenga imani ili aipate kalamu yenyewe. Hilo lilitokea kwa xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili, akapewa mamlaka, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mwishoni mwa Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, kunachelewa takriban nusu sekunde, akafuatilia, akaukuta. Aliweza kufuatilia kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Ndiyo sababu pia wakaguzi hawatoi kalamu haraka. Mgeni asilichukulie hilo kama dharau.

## Michango isiyo msimbo

Ripoti ya kasoro iliyoandikwa vizuri ni mchango kamili. Iwe na toleo la programu, mfumo wa kompyuta yako, hatua moja baada ya nyingine za kuifikia kasoro, ulichotarajia na kilichotokea. Ujumbe wa kosa unakili kama maandishi, usitume picha ya skrini peke yake, kwa sababu picha haitafutiki. Kabla ya kuandika, tafuta kama kuna aliyekutangulia. Ukimkuta, jaribu hatua zake kwenye kompyuta yako, kisha andika: kasoro bado ipo, Ubuntu 24.04, toleo hili. Mistari miwili ya namna hiyo inaweza kumwondolea mkaguzi saa nzima ya kujaribu mwenyewe.

Tafsiri ndiyo mlango ambao msemaji wa Kiswahili anaweza kuingia akiwa na ujuzi ambao wenye mradi hawana. Njia hii si mpya: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice.org ya Kiswahili. Leo LibreOffice hupokea tafsiri kupitia Weblate, ambako unafanya kazi ndani ya kivinjari bila kugusa Git. Anza na faharasa ya istilahi zilizokwishatumika, ili menyu moja isiseme Hifadhi na nyingine ikasema Tunza.

Ziko alama kama `%s` na `%d` ndani ya sentensi. Hizo ni nafasi ambazo programu itaweka jina au idadi. Ukiifuta moja, sentensi inaharibika, na pengine programu inaanguka. Tatizo kubwa zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Kiingereza kinaridhika na `%s deleted` kwa kila kitu. Sisi tunasema mtumiaji amefutwa, faili limefutwa, folda imefutwa, kidokezo kimefutwa. Programu ikitumia sentensi moja kwa vyote vinne, hakuna tafsiri itakayokaa sawa. Njia ya kukwepa, pale anayefuta ni mtumiaji mwenyewe, ni kuandika `Umefuta %s`. Kitenzi kinamfuata mtu, si kitu. Lakini dawa ni kufungua ripoti ukiomba sentensi zitenganishwe, ukieleza kwamba katika lugha yako kitenzi hubadilika kulingana na ngeli. Ripoti hiyo haiwezi kuandikwa na mtu asiyejua lugha ya namna hii, na ikikubaliwa inawafaidi wasemaji wa Kiganda na Kinyarwanda pia.

Wasiotaka kuandika kabisa wanaweza kutoa sauti: Common Voice ya Mozilla hukusanya rekodi za sentensi za Kiswahili, na wengine husikiliza rekodi hizo na kuzithibitisha.

## Kuchagua mradi

Anza na programu unayoitumia, kwa sababu kasoro zake zinakuuma na utajua zikipona. Ukiwa karibu na sekta ya afya, OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ina chimbuko katika ushirikiano uliohusisha Eldoret na inatumika Kenya, Uganda na Rwanda. DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayobeba takwimu za afya za nchi nyingi, Tanzania ikiwemo.

Kabla hujapakua chochote, angalia mambo haya kwenye ukurasa wa mradi. Faili la leseni lipo? Ombi la mwisho liliunganishwa lini? Kama ni miaka miwili iliyopita, hakuna mtu nyumbani. Soma maombi matano yaliyokwishafungwa ya watu wa nje: walijibiwa baada ya muda gani, kwa lugha gani, waliambiwa warekebishe nini? Hapo utajifunza desturi za mradi kuliko kwenye mwongozo wowote. Kisha soma `CONTRIBUTING.md`, faili la mwongozo kwa wachangiaji, mpaka mwisho. Miradi mingi hubandika lebo ya `good first issue` kwenye kazi zinazomfaa mgeni. Ukiona mtu ameshaichukua wiki iliyopita, mwachie. Ukiichukua wewe, acha maoni mafupi yanayoeleza unakusudia kuirekebisha vipi. "Nipeni mimi" peke yake haimsaidii mkaguzi.

Hakikisha pia mradi unapokea michango wapi. Msimbo ukionekana GitHub haimaanishi kazi inafanyika hapo. Linux hupokea marekebisho kwa barua pepe, GNOME na KDE, miradi ya mwonekano wa skrini kwa Linux, wana GitLab zao, LibreOffice hutumia mfumo wa kukagua msimbo uitwao Gerrit. Ombi lililotumwa mahali pasipo pake litafungwa bila kusomwa.

## Kazi yenyewe, kwa GitHub

Fungua akaunti na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ambao GitHub ilianza kuwalazimisha wachangiaji wa msimbo mwaka 2023. Hifadhi namba za dharura utakazopewa hapo mahali pengine nje ya simu. Simu ikiibwa, ndizo zitakazokurudisha. Usijaribu kutuma msimbo kwa nenosiri la akaunti: GitHub iliacha kulikubali kwenye Git tangu Agosti 2021, na wageni wengi wanapoteza jioni nzima wakidhani wamelisahau. Amri zote zinazofuata huandikwa kwenye terminali, yaani dirisha la amri. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, kisha bandika faili linaloishia na `.pub` kwenye mipangilio ya akaunti. Lisilo na `.pub` ni la siri, halitoki kwenye kompyuta yako.

Jitambulishe kwa Git kwa `git config --global user.name` na `user.email`. Anwani hiyo itakaa hadharani kwenye kumbukumbu ya mradi na haifutiki kirahisi. Usiyetaka barua taka, tumia anwani ya kuficha ambayo GitHub inakupa. Ukiweka anwani isiyo kwenye akaunti yako, mchango utaingia lakini hautaonekana kuwa wako.

Sasa bofya Fork ili upate nakala ya hazina chini ya jina lako, kisha uipakue kwa `git clone`. Hapa wenye bando wawe macho. Kumbukumbu ya mradi mkubwa inaweza kufika gigabaiti kadhaa, na `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Tumia `git clone --depth 1`, inayoleta hali ya sasa bila historia, au `--filter=blob:none`, inayoleta historia lakini ikaacha yaliyomo ya mafaili ya zamani hadi yatakapohitajika. Kisha unganisha na hazina asilia: `git remote add upstream` ikifuatwa na anwani yake.

Tawi ni mkondo wa mabadiliko ndani ya hazina. Usifanye kazi kwenye tawi kuu. Fungua tawi jipya, kwa mfano `git switch -c rekebisha-kiungo`. Sababu ni kwamba ombi lako linafungamana na tawi, si na badiliko. Ukitumia tawi kuu, chochote utakachofanya baadaye kitajipenyeza ndani ya ombi lililokwishatumwa, na siku ukitaka kurekebisha jambo la pili huna pa kusimama.

Kabla ya kugusa kitu, endesha majaribio ya mradi, yaani msimbo unaohakiki kama programu inafanya kazi ipasavyo, uone kama yanapita. Yakifeli hata kabla hujabadilisha, tatizo liko kwenye usakinishaji wako, na ni heri ulijue sasa. Halafu rekebisha jambo moja tu, hata kama umeona mengine saba njiani.

Ukimaliza, toa amri ya `git diff` na usome kila mstari. Hapo ndipo utakapokamata aibu mbili za kawaida. Ya kwanza: kihariri chako kimepanga upya faili zima kwa mtindo wake, ukabadilisha neno moja lakini mistari mia nne inaonekana nyekundu na kijani. Ya pili hutoka Windows, ambayo humaliza mstari tofauti na Linux. Kila mstari unaonekana umebadilika ingawa kwa macho ni uleule. Mpangilio wa `core.autocrlf` hutibu hilo. Mkaguzi akikutana na ukurasa kama huo hawezi kulipata badiliko lako, na hana muda wa kulisaka. Ongeza mafaili kwa majina yao, `git add` na jina la faili. Ukizoea `git add .`, inayoongeza kila kitu, siku moja utatuma faili la `.env` lenye manenosiri yako. Likishaingia hadharani, kulifuta hakutoshi, badilisha manenosiri yenyewe.

Ujumbe wa badiliko uwe na mstari wa kwanza wa herufi kama 50 unaosema kilichofanyika, mstari mtupu, kisha aya inayoeleza kwa nini. Kilichobadilika kinaonekana kwenye msimbo. Sababu haionekani, na mtu atakayesoma miaka mitano baadaye ataihitaji. Miradi kadhaa hutaka pia mstari wa `Signed-off-by`, ambao ni tamko lako kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Amri ya `git commit -s` huuweka.

Tuma kwa `git push -u origin` na jina la tawi, kisha fungua ombi. Jaza kiolezo walichokuwekea, usikifute. Ukiandika `Fixes #` na namba ya ripoti, ripoti hiyo itajifunga ombi likiunganishwa kwenye tawi kuu. Kwa mchango wako wa kwanza, majaribio ya moja kwa moja huenda yasianze mpaka mwenye mradi ayaruhusu, kwa hiyo alama ya kusubiri si kosa lako. Yakiwa mekundu, fungua kumbukumbu yake na usome kutoka kosa la kwanza; yale ya chini mara nyingi ni matokeo yake.

## Baada ya kutuma

Kuambiwa urekebishe si kukataliwa. Ni dalili kwamba mtu ameketi akasoma. Usifunge ombi ukafungua jipya, kwa sababu mazungumzo yote hubaki kwenye lile la zamani. Ongeza mabadiliko kwenye tawi lilelile, tuma, ombi litajisasisha. Ukiambiwa tawi limepitwa na wakati, `git fetch upstream`, kisha `git rebase upstream/main` kama tawi kuu linaitwa hivyo, halafu `git push --force-with-lease`. Hii ya mwisho ni salama kuliko `--force`, maana hukataa kufuta kazi ambayo mtu mwingine ameiweka pale bila wewe kujua. Usipojibiwa kwa wiki moja au mbili, kumbusho moja la adabu linatosha. Kumwandikia mkaguzi kwenye akaunti zake binafsi ni njia ya haraka ya kumchosha.

Akili mnemba imeongeza mzigo huu. Mwaka 2024 Daniel Stenberg, anayeongoza curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, alilalamika hadharani juu ya ripoti za usalama zilizotungwa na mashine, zenye lugha nzuri na kasoro zisizokuwepo. Mwaka huohuo Gentoo, mradi wa mfumo wa Linux, ilipiga marufuku michango ya namna hiyo. Miradi mingine inaruhusu ukitaja. Soma kanuni ya mradi wako, na usitume mstari usioweza kuueleza mwenyewe, kwa kuwa swali la kwanza la mkaguzi litakuwa: kwa nini umefanya hivi?

Kuhusu fedha, si kweli kwamba wote hujitolea. Sehemu kubwa ya kazi ya Linux hufanywa na walioajiriwa kuifanya. Kwa anayeanza, Google Summer of Code hulipa posho, na Outreachy hutoa dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu kwa watu kutoka makundi yanayobaguliwa katika teknolojia. Kabla ya kuchaguliwa Outreachy, ni lazima uchangie mradi unaouomba. Hakuna ada ya kujiunga. Anayekudai hela ili akuingize ni tapeli.

Ombi likiunganishwa, rudi kwenye tawi kuu, chukua mabadiliko mapya kwa `git pull upstream main`, na ufute tawi la kazi kwa `git branch -d`. Git ikikataa kwa kudai kwamba halijaunganishwa, usishtuke: miradi mingi hukunja mabadiliko yako yote kuwa moja kabla ya kuyaingiza, kwa hiyo Git haiyatambui. Hakiki kwenye tovuti kwamba ombi limeandikwa Merged, kisha tumia `-D` kubwa. Na zile kasoro saba ulizoziacha njiani, kila moja ifungulie tawi lake.